Kipupwe cha River Road na mauaji ya tajiri wa karafuu

Jumapili usiku, Mwembe Tayari, Mombasa

Basi lilikuwa liondoke saa tatu. Saa nne kasorobo utingo bado anatwambia "tunatoka sasa hivi," na mama mmoja nyuma yangu anamjibu, "Sasa hivi ya saa ngapi?" Upepo wa kusi unavuma vizuri, ule wa kumfanya mtu atandike mkeka barazani. Nimevaa dera na leso mbili juu yake, na mkobani nina sweta niliyoazima kwa jirani, nyepesi, ya rangi ya maziwa, sweta ya kupigia picha.

Nakwenda Nairobi kushona vitabu. Mwenye karakana moja ya River Road ameletewa na shule kadhaa vitabu vya maktaba vilivyochakaa, migongo imefumuka, majalada yananing'inia, na anataka mtu anayejua sindano. Wengi siku hizi hupaka gundi mgongoni, wakakata, wakamaliza. Mimi nilifundishwa na babu, aliyekuwa akijalidi misahafu na vitabu vya chuoni kule Mji wa Kale, na kwake yeye gundi bila uzi ilikuwa ni uvivu tu.

Mtito Andei tukashuka kunywa chai. Waliorudi garini hawakuwa watu wale wale. Boshori zimetoka, mashali yametoka, mtoto mdogo amevishwa soksi mikononi. Mzee wa kiti cha pembeni akafungua blanketi, akajifunika hadi utosini, na kutoka Sultan Hamud hadi Mlolongo sikumwona tena, nilimsikia tu.

Jumatatu, Pumwani

Nilishuka alfajiri, nikasema "alhamdulillahi," moshi ukanitoka mdomoni. Nikanyamaza kwanza. Nairobi imekaa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai asubuhi yake hushuka hadi digrii 11 au 10. Sisi Mombasa ikifika 20 tunaanza kuulizana kama kuna mtu anaumwa. Lakini si digrii zinazoumiza, ni wingu. Hulala juu ya mji tangu asubuhi, jua lisipate mwanya hadi alasiri, na siku nyingine lisipate kabisa. Wenyeji hawalizungumzii. Wanatia mikono mifukoni na kuongeza mwendo.

Shangazi anakaa Majengo, Pumwani, mtaa ambao Waswahili wa Nairobi wameukalia tangu miaka ya 1920. Alinikumbatia mlangoni, kisha akaishika sweta yangu kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo nini, mwanangu?"

"Sweta, shangazi."

"Nani kakudanganya?"

Chai haijateremka vizuri tukawa tumeshafika Gikomba, soko la mitumba. Shangazi hapatani bei kwa maneno mengi. Alilivuta koti moja la sufu kutoka chini kabisa ya rundo, akalikung'uta, akalinusa kwapani, akamwambia kijana, "Mia nne." Kijana alitaka elfu moja na mia tano.

"Mama, hii ni ya Ulaya. Imezoea baridi."

"Basi ishachoka nayo."

Tukaondoka nalo kwa mia saba. Ni la kiume, linanifika vifundoni, na mfukoni nilikuta tiketi ya gari iliyoandikwa kwa lugha ambayo mimi na shangazi hatukuitambua hata tulipoigeuza. Shangazi akasema nisiitupe, huenda mwenyewe akaja kuiulizia.

Jumanne, River Road

Karakana iko ghorofa ya tatu. Kabla hujafika unampita soja mlangoni, halafu Mama Chai kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya pili, na sufuria yake, birika zake na beseni la mandazi lililofunikwa kwa kitambaa. Ukishapita harufu hiyo bila kununua kitu, wewe ni mtu mwenye msimamo.

Soja alinitazama nilivyojifunga koti, akacheka. "Mombasa, unaskia baridi aje na bado haijaanza?" Tangu wakati huo jina langu ni Mombasa. Akaongeza kwamba hii si baridi, baridi ilikuwa zamani. Baadaye niligundua kwamba kila mtu Nairobi anayo baridi yake ya zamani, na hakuna anayekubali kwamba ya mwenzake ilikuwa kali zaidi.

Ndani kuna Bosi, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Kuna Dogo, tarishi. Na kuna Mzee, anayeendesha mashine ya kukatia karatasi, chuma kizito chenye gurudumu la kukaza juu na kisu kinachoshuka taratibu. Kila asubuhi Mzee huingia, huinua mikono yote miwili tuione, husema, "Zote kumi," ndipo huvua kofia. Ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake na salamu yake haijabadilika.

Usiku, kwa shangazi, jiko la makaa linawashwa barazani na kuingizwa sebuleni dirisha likiwa wazi. Ikifika saa ya kulala, linatolewa nje. Nililalamika kidogo. Shangazi akaniambia moshi unaoonekana si kitu, kinachoua ni ile hewa ya makaa isiyo na rangi wala harufu, watu wanajifungia nayo kwa ajili ya joto na asubuhi hawaamki. Kisha akanitupia blanketi la tatu na paka.

Alhamisi

Gundi haikauki. Gundi nyeupe hukauka kwa maji yake kutoka, na hewa hii iliyojaa unyevu haina nafasi ya kuyapokea. Mombasa kitabu nilichokipaka asubuhi adhuhuri nakigonga mezani. Hapa nimekibana jana mchana kwenye mbano wa mbao, leo nimefungua, mgongo unateleza. Bosi akanitazama kwa miwani ya kichwani, nikajua sina budi kurudi kwa babu: gundi ya unga wa ngano, ya kupika. Unakoroga unga na maji baridi hadi mabonge yaishe, unatia motoni, unakoroga bila kupumzika mpaka iwe nzito na ing'ae. Mwisho unatia mrututu kidogo, ile chumvi ya buluu yenye sumu, mende na panya wasije wakala kazi yako. Nayo haikauki haraka, lakini inashika.

Nikaipika kwenye jiko la Mama Chai, nikaiacha ipoe kwenye sufuria pembeni, nikapanda juu kufuata mrututu. Niliposhuka nilimkuta Dogo amejimiminia kikombe kizima, ameegemea ukuta, anapuliza.

"Mama Chai," akasema, "leo uji hauna sukari."

Mama Chai, ambaye alikuwa amemwona tangu mwanzo, akampa kijiko cha sukari. Dogo akakoroga, akamaliza, akalamba ukingo. Tulipomwambia, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama kesho nitapika tena. Mrututu ulikuwa bado uko mkononi mwangu, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo sufuria ya gundi ina kitambaa chekundu mkononi mwake na haikai karibu na chai.

Ijumaa

Katika mzigo wa shule moja ya Limuru nimekuta riwaya ya upelelezi. Haina jalada. Karatasi yenye jina la kitabu na la mwandishi imechanwa. Inaanzia ukurasa wa 5, Unguja, ghalani, na tajiri wa karafuu ameshakufa, kalala kifudifudi juu ya magunia yake mwenyewe. Nilisoma huku nimesimama, sindano mdomoni, mpaka Bosi akakohoa.

Niseme kidogo jinsi kitabu cha kushonwa kilivyo, maana balaa lote limetoka hapo. Hakikusanywi karatasi moja moja. Karatasi kubwa hukunjwa mara kadhaa, ikawa fungu la kurasa 16. Mafungu hupangwa, kila moja likatobolewa kwenye mkunjo, na uzi ukapita kutoka hili hadi lile. Ukitaka kukishona upya, kwanza unakikata uzi wa zamani, na kitabu kinarudi kuwa mafungu. Riwaya hii ilipofumuka mikononi mwangu ilikuwa mafungu manane. La nane likaishia ukurasa wa 128, mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni, na mstari wa mwisho ni huu: "'Aliyemuua yumo humu ndani,' akasema, kisha akanyoosha kidole kuelekea"

Basi. Hakuna nukta hata. Fungu la tisa halipo.

Niliwasimulia wenzangu wakati wa chai. Hapo Mzee akasema lete nione, akachukua fungu la saba kwa sababu ndilo lililokuwa juu. Mama Chai akachukua la pili. Soja akaomba lolote lenye watu wengi, nikampa la tano. Dogo akapewa la tatu. Mimi nilibaki na la kwanza na la nane, na la nne nikaenda nalo nyumbani kumsomea shangazi, ambaye macho yake siku hizi hayapatani na herufi ndogo. Bosi alituuliza kama tunaona aibu kuchezea kitabu cha mteja, na jioni niliona fungu la sita likichungulia kwenye mkoba wake.

Jumamosi

Nimekwenda mtaa wa Tom Mboya kwa wauza vitabu wa chini. Nilichukua fungu la nane kama kielelezo. Kijana mmoja alikuwa ametandaza turubai lake vizuri: kamusi, vitabu vya darasa la nne, vitabu vya dini, vitabu vya namna ya kutajirika ambavyo vyenyewe vilikuwa vinauzwa kwa shilingi hamsini.

"Kinaitwaje, dada?"

"Sijui."

"Kimeandikwa na nani?"

"Sijui vilevile."

"Kina rangi gani?"

"Hakina jalada."

Alinitazama kwa huruma, akaniambia nimpe nione. Akachuchumaa, akaanza kusoma kwa kidole, midomo ikienda. Alikuwa amefika ukurasa wa tatu mtu alipopiga kelele, "Kanjo!" yaani askari wa jiji wanaofukuza wachuuzi. Sijawahi kuona duka likifungwa hivyo. Pembe nne za turubai zikakutana, duka likawa mzigo, mzigo ukawa mgongoni, na kijana akawa amepotea kwenye kichochoro, fungu la nane na yeye. Nimebaki nimesimama na mkono ulionyooshwa. Kumbe hapakuwa na kanjo yeyote. Alikuwa mtu mwenye koti la rangi kama la kanjo ananunua miwa.

Shangazi aliposikia alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akauliza, kwa uzito, kama karani wa tajiri alikuwa amevaa viatu katika fungu la nane. Yeye amekwishaamua kwamba muuaji ni karani, kwa sababu anacheka sana mbele ya maiti.

Jumatatu

Nimempata kijana, mahali pale pale, turubai limetandikwa kama si yeye. Fungu letu liko mbele kabisa, katikati ya kamusi mbili, limewekewa jiwe juu lisipeperuke.

"Shilingi hamsini," akasema bila haya.

"Ni langu!"

"Najua. Nimelilinda Jumamosi na Jumapili." Halafu akasogea karibu. "Huyu daktari anayetetemeka ni nani? Mbona anamwogopa mjane?"

Tukapatana: ananirudishia fungu la nane bure, nami namletea la kwanza kwa mkopo. Tangu hapo hupanda ngazi zetu saa saba mchana, duka mgongoni, na Mama Chai humwekea andazi lake.

Jumanne hadi Alhamisi

Karakana haina amani. Kila mtu amesoma kipande chake, na kwa mpangilio wake, na kila mtu ana hakika. Mzee aliyeanza na fungu la saba alikutana na mjane akiwa ameshaolewa tena, akamchukia papo hapo, alipopewa la pili na kumkuta analia na mumewe hajazikwa, alisema, "Machozi ya bandia hayo, mimi namjua huyu mbele." Soja amesimama na mpwa wa tajiri, kwa sababu katika fungu la tano mpwa ana deni, na soja anasema mtu mwenye deni unamjua kwa anavyotembea. Mama Chai anamtaka daktari. Muuza vitabu anamshuku mpelelezi mwenyewe, jambo ambalo limetufanya tuwe tunamtazama yeye.

Dogo anatikisa kichwa tu. Ukimuuliza kuna nini katika fungu la tatu, anajibu, "Mambo mazito. Siwezi kuharibia watu." Tulimheshimu kwa hilo.

Mama Chai akapendekeza dau: chapati. Kila mmoja ataje muuaji, na atakayepatia atakula chapati na maharagwe wiki nzima kwa gharama ya wengine. Shangazi aliweka dau lake kupitia mimi. Bosi alisema yeye hachezi kamari kazini, kisha akasema kama ingekuwa lazima, basi mjane.

Katikati ya haya kazi inakwenda, msidhani. Vidole vimeanza kupasuka kwa baridi na uzi wa kitani unapita kwenye mipasuko. Napaka mafuta ya nazi niliyotoka nayo nyumbani, nayo yameganda chupani, yamekuwa meupe, nayachokonoa kwa mfupa wa kukunjia karatasi.

Jumamosi, maktabani

Shangazi amenituma nikajaribu maktaba ya McMillan. Mombasa tunajivuna kwamba maktaba yetu ya Seif bin Salim ndiyo iliyotangulia Kenya nzima, lakini hii inayofuata ina majivuno ya mawe. Iko nyuma ya msikiti wa Jamia, nguzo kubwa mbele, ngazi pana, na simba wawili wamelala pande zote mbili za mlango wakitazama mtaa wa Banda na sura ya watu waliokatazwa kuingia. Na kweli walikatazwa watu, ila si simba. Ilifunguliwa mwaka 1931, imejengwa na mjane wa McMillan, mlowezi tajiri, kwa kumbukumbu ya mumewe, na hadi 1958 Mwafrika au Mhindi hakuruhusiwa kusoma humo. Mwaka 1962 ikakabidhiwa baraza la jiji. Shangazi anasema walipokuwa wadogo walikuwa wakipita wakihesabu nguzo tu, mazoea ya wazazi wao.

Mkutubi alinisikiliza kwa adabu kubwa. Jina? Sina. Mwandishi? Sina. Mwaka? Sina. Akaweka kalamu chini. "Una nini, dada?"

"Nina maiti na washukiwa watano."

Akacheka, akaniongoza kwenye rafu za Kiswahili, tukatafuta pamoja, magunia ya karafuu hatukuyaona popote. Alinishauri nijaribu pia matawi yao ya Kaloleni na Makadara. Nilikaa saa nzima nikisoma kitu kingine, koti langu la Ulaya nimelifunga mpaka kidevuni. Sakafu ile ina baridi yake ya pekee, inapanda kwenye soli. Watu wote mezani walikuwa wanasoma huku wamekalia mkono mmoja, na kubadilisha mkono wakigeuza ukurasa.

Jumanne, Limuru

Leo tumepeleka mzigo uliokamilika Limuru, mimi na dereva wa pikapu, na kuchukua mwingine. Nilipoambiwa Limuru kuna baridi kuliko Nairobi nilidhani ni mzaha wa soja. Ni zaidi ya mita 2,000, na baada ya Rironi ukungu umetumeza. Saa nne asubuhi magari yanakuja na taa zimewashwa. Mashamba ya chai yapo pande zote, nimeambiwa. Mimi niliona mstari mmoja wa majani na ng'ombe. Hita ya pikapu ilikufa zamani, dereva anapangusa kioo kwa boshori yake, anaivaa, kichwa kinaloa, anaivua, anapangusa tena.

Shuleni mwalimu wa maktaba alivifungua vitabu kimoja kimoja, akavivuta migongo, akavikunja, akaridhika. Akauliza kuhusu ile riwaya. Nikamwambia iko katika matengenezo makubwa.

Tukapakia mzigo mpya, vitabu vya kilimo vingi. Njiani kurudi nilikuwa nimevishika vichache mapajani kwa ajili ya joto, nikafungua kimoja cha ufugaji wa kuku kuona uzi wake ukoje. Mtu aliyekishona zamani alitumia uzi wa nailoni, ule wa mafundi viatu, mgumu, mafundo makubwa. Nikafunua kufuata mafundo. Ukurasa wa 64: namna ya kumtambua kuku anayetaga, mshike taratibu, mtazame kishungi, kiwe chekundu na laini. Ukurasa unaofuata ni wa 129.

"dirisha, akaomba lifungwe, maana upepo wa bahari ulikuwa unapeperusha karatasi zake."

Nilipiga ukelele, dereva akafunga breki, lori la nyuma likatutukana kwa honi. Fungu la tisa! Fundi wa zamani alichanganya mafungu akamaliza kesi ya Unguja ndani ya banda la kuku. Na kile kidole ambacho Mzee alisema kimemwelekea mjane, na soja akaapa ni mpwa, kilikuwa kinaelekea dirishani.

Dereva akataka nisome pale pale. Nikakataa. Tulikuwa tumeahidiana kusoma pamoja. Niliufunga ule ufugaji wa kuku kwa leso, nikaukalia hadi Uthiru, kisha nikamwambia dereva anishikie, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinaanza kufunua vyenyewe. Yeye akaukalia.

Jumatano

Saa saba hakuna aliyefanya kazi. Mama Chai amepanda na sufuria, mara ya kwanza kuiona karakana. Soja amefunga mlango wa chini na kubandika karatasi, NARUDI. Muuza vitabu amekaa juu ya duka lake. Shangazi yuko kwenye simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya gundi, anapiga kelele kwamba anasikia. Bosi alisema dakika kumi.

Nikasoma. Mpelelezi akamwondoa mjane kwenye lawama: usiku ule alikuwa kwa dada yake. Mzee akanung'unika. Akamwondoa mpwa. Soja akasema kitabu kimenunuliwa. Akamwondoa daktari, aliyekuwa akitetemeka kwa malaria, maskini. Sote tukageuka kumtazama muuza vitabu, mpelelezi ndiye amebaki. Ukurasa wa 139 nikafika kwenye jina, nikalisoma. Nikalirudia.

Aliyemuua tajiri ni mpima mizani.

"Nani?" akauliza Mama Chai.

"Mpima mizani."

"Mpima mizani yupi?" Mzee amesimama. Hakuna anayemjua. Si katika fungu la kwanza, si la pili, si la tano. Bosi anatikisa kichwa, la sita hayumo. Mpelelezi, kwenye ukurasa ule, anasema waziwazi kwamba mtu huyu "tulikutana naye ghalani asubuhi ile," na sisi hatukukutana naye. Taratibu, vichwa vyote vikamgeukia Dogo.

"Fungu la tatu," akasema Bosi.

Dogo akawa anatazama dari. Hapo ndipo soja, ambaye kazi yake ni kutazama, akatazama chini. Kigoda cha Dogo kilichokuwa kikiyumba tangu nilipofika siku hizi hakiyumbi. Chini ya mguu mmoja, limekunjwa mara mbili, kuna fungu la kurasa 16.

Sitaandika aliyoambiwa. Aliinuliwa, kigoda kikayumba, fungu likanyooshwa kwa mfupa wa kukunjia, na akaamriwa asome kwa sauti, amesimama, tangu ukurasa wa 33. Alisoma kwa kujikwaa, Mzee akimsahihisha. Mpima mizani akaingia ukurasa wa 36, mtu mfupi, mpole, hakuna angemshuku.

"Basi hakuna aliyepatia," akasema Mama Chai. "Wote mtanilipa."

"Ngojeni!" Ni shangazi, kwenye simu. "Anayepima na kuandika uzito ni karani huyo huyo! Muulizeni, anaandika?"

Zogo likaanza. Mzee anasema karani wa tajiri ni mwingine, yule mcheshi. Bosi anasema Unguja kila mtu ghalani alikuwa karani. Muuza vitabu amefungua duka lake na kutoa kamusi. Dogo, anayeona mwanya wa kusamehewa, akainua mkono tunyamaze, akaweka kidole chini ya mstari.

"'Akapima gunia la mwisho,'" akasoma, "'kisha akachukua kalamu nyuma ya sikio...'"

Mama Chai akaanza kuhesabu unga.